Spelunky hatua kwa hatua: toka migodini mpaka kwa Olmec bila kufa kizembe

Spelunky ni gemu fupi sana ukiipima kwa saa. Mtu anayeijua anatoka mlango wa kwanza mpaka bosi wa mwisho, Olmec, nusu saa haijaisha, na humo ndani kuna trofi kabisa ya kuimaliza chini ya dakika 8. Lakini wapo watu wanaicheza miezi na miezi na hawajaona hata leveli ya kumi, kwa sababu ukifa umekufa, hamna sevu, hamna cha kuendelea pale ulipoishia, unarudi leveli ya kwanza vitu vyako vyote vimepotea na hata ile ramani uliyoanza kuizoea haipo tena, imetengenezwa nyingine.

Aliyeitengeneza ni Derek Yu, ya kwanza kabisa ilitoka 2008 bure kwa kompyuta, afu ikatengenezwa upya ikatoka kwenye Xbox 360 mwaka 2012, mwaka 2013 ikafika PC na PlayStation, na sehemu ya pili ikatoka 2020. Humu naongelea ile ya 2012 ambayo wengi wanaiita HD, maana ndo naona inafundisha vizuri kuliko zote. Mengi utakayosoma hapa yanafaa sehemu ya pili pia ila siyo yote, kule wamebadilisha vitu vingi.

Kabla ya hatua yoyote shika hili moja. Karibu kila kifo kwenye gemu hii kilikuwa kinaonekana kabla hakijakufika. Mtego wa mshale ulikuwepo ukutani, una sura kabisa unakutazama. Miiba ilikuwepo chini. Buibui alikuwa juu ya dari anakusubiri upite. Kinachopimwa hapa ni macho na subira, vidole vinafuata baadaye, na mtu akiielewa hiyo ndo anaanza kuona kwamba gemu haimuonei, inamwambia kila kitu ila yeye anakimbia.

HATUA YA 1: Elewa ramani inatengenezwaje

Leveli zipo 16, maeneo manne na kila eneo leveli nne: migodi, msitu, mapango ya barafu na hekalu. Kila leveli ni vyumba 16 vilivyopangwa vinne kwa vinne, mlango wa kuingilia uko safu ya juu kabisa na mlango wa kutokea uko safu ya chini kabisa. Vyumba vinachanganywa upya kila roundi ila kompyuta kabla ya kuchanganya inachora kwanza njia moja kutoka juu mpaka chini, na njia hiyo inapitika bila bomu na bila kamba.

Hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Ukijikuta umesimama mahali na unaona hamna pa kwenda, ujue umeingia kwenye chumba cha pembeni ambacho hakiko kwenye njia, rudi ulikotoka ujaribu upande mwingine. Na pia ina maana mabomu na kamba siyo vya kutafutia njia, ni vya kujiokoa na kuchukulia vitu vizuri. Anayeanza mara nyingi anamaliza kamba zake zote leveli ya pili kwa sababu amepotea, wakati njia ilikuwepo chumba cha jirani.

HATUA YA 2: Fundisha mikono kwanza

Unaanza na damu 4, mabomu 4 na kamba 4, na mjeledi. Damu hairudi yenyewe hata ukikaa masaa, kwa hiyo hizo nne ziheshimu.

Kaa leveli ya kwanza kabisa na usiwe na haraka ya kushuka, fanya haya mpaka mkono uzoee. Kukimbia ni kwa kushika batani, na kuruka huku unakimbia kunakufikisha mbali zaidi. Ukiruka ukagusa ukingo wa jiwe kijamaa anashika na kuning'inia mwenyewe, hapo unaweza kupanda au kujiachia. Na hii nyingine wengi hawaijui muda mrefu: ukichuchumaa ukatambaa mpaka ukingoni, kijamaa anageuka na kuning'inia kwa mikono badala ya kudondoka. Yaani kila shimo unaloliogopa usiruke, tambaa, ning'inia, tazama chini, ndo ujiachie. Hiyo peke yake inakupunguzia vifo vingi mno. Kudondoka kutoka juu sana kunakula damu 1 na kunakupumbaza sekunde kadhaa, na ukipumbaa karibu na adui ndo mwisho.

Ukishika batani ya chini kwa muda kamera inashuka inakuonyesha kilicho chini, ukishika juu inapanda. Tumia kila mara. Kila mara kabisa, hata pale unapoona unajua.

Mjeledi una siri yake, kabla haujaenda mbele unapita kwanza nyuma yako na juu ya kichwa, kwa hiyo popo anayekuja kwa nyuma unaweza kumpiga bila kugeuka ukipatia muda. Ila haupigi chini. Adui aliye chini yako unamrukia kichwani.

Kitu cha mwisho kwenye mikono ni kurusha, na hapa ndo wachezaji wazuri wanapojitenga. Jiwe, chungu, fuvu, mshale ulioanguka, hata maiti ya adui, vyote vinaokotwa na kurushwa. Chuchumaa na bonyeza batani ya kupiga unaokota, simama na bonyeza tena unarusha, ukiwa umechuchumaa unakiweka chini taratibu bila kukivunja. Usitembee mikono mitupu. Jiwe moja mkononi ni adui mmoja aliyekufa kwa mbali au mtego mmoja ulioteguliwa.

HATUA YA 3: Soma skrini kabla ya kusogea

Mtego wa mshale ni lile jiwe la ukutani lenye sura. Unarusha mshale mmoja tu, kwa kitu chochote kitakachosogea mbele yake kwenye mstari ule ule, na mshale unakula damu 2. Mbili! Nusu ya ulizoanza nazo. Watu wengi wanaokufa migodini wamepigwa mshale mmoja, wakabaki na 2, wakaogopa, wakaanza kukimbia, wakakutana na wa pili.

Cha kufanya ni rahisi, rusha kitu mbele yake. Jiwe, chungu, chochote. Mshale ukishatoka mtego umekufa na mshale wenyewe umebaki chini unaweza kuuokota ukautumia. Kama huna kitu, subiri nyoka au popo apite, mtego haubagui, unampiga yeyote. Na kama unashuka shimo refu ndo chunga zaidi, kwa sababu mtego unaweza kuwa pembeni ya shimo katikati, hauonekani ukiwa juu na unapita mbele yake unadondoka huna cha kufanya. Angusha kitu kwanza, usikie kama kuna mshale umetoka, ndo ushuke.

Miiba ni kifo cha moja kwa moja, haijalishi una damu ngapi. Lakini miiba inaua ukiiangukia kwa juu tu, ukiingia kwa pembeni ukitembea haikufanyi kitu, unapita katikati yake kama majani. Ijue hiyo kwa sababu kuna vyumba utadhani vimefungwa kumbe unatembea tu.

HATUA YA 4: Wajue wakazi wa migodini

Nyoka wa kawaida anatembea huku na huku, akifika ukingoni anageuka, mpige mjeledi au mrukie. Yule anayetema ana hatari kidogo kwa mbali, msogelee kwa juu yake usije ukasimama mbele ya mdomo wake.

Popo amelala darini, ukisogea chini yake anaamka na kukufuata kwa mshazari. Usimkimbie. Simama palipo wazi, mtazame anavyokuja, piga mjeledi akiwa karibu. Wanaokufa kwa popo ni wale wanaomkimbia wakaangukia kitu kingine.

Buibui naye yuko darini ila anadondoka ukipita chini yake, na akishatua anaruka ruka kuelekea kwako bila mpangilio. Njia nzuri ni kusogea mpaka karibu na mstari wake, ukichungulia, akidondoka we unarudi nyuma hatua mbili, unamsubiri arukie mjeledi. Yupo na buibui mkubwa sana, huyo usimguse ukiwa na damu chache, mpige bomu, na ukimuua anaacha gundi ambayo inafanya mabomu yako yanate popote ukirusha. Gundi hiyo ni nzuri sana baadaye.

Mifupa iliyolala chini mingine ni mifupa tu na mingine inaamka ukikaribia. Piga mjeledi kwanza uone.

Jamaa wa mapangoni ndo anayestahili darasa lake. Anazurura taratibu, akikuona anakukimbilia moja kwa moja na akikugonga anakurusha, na mara nyingi anakurusha kwenye miiba. Hafi kwa pigo moja. Lakini ukimrukia kichwani anazimia, na akizimia unaweza kumbeba, na ukimbeba una silaha, una kitegua mitego, una kila kitu. Mrushe kwenye miiba yeye.

Ukiingia leveli soma maandishi yanayotokea mwanzoni. Yakisema ngozi inasisimka ujue kuna kiota cha buibui, yakisema unasikia nyoka ujue kuna shimo la nyoka. Hiyo ni gemu inakwambia mapema, chukua hatua mapema.

HATUA YA 5: Tumia mabomu na kamba, usizikwe nazo

Anayeanza ana tabia mbili, ama anamaliza vyote leveli ya pili au anakufa navyo vyote vinne mfukoni. Hiyo ya pili ndo mbaya zaidi kwa maoni yangu. Bomu ulilokufa nalo halina faida kwa mtu yeyote.

Kamba ukiirusha wima inapanda juu. Ukichuchumaa ukingoni ukairusha inaning'inia mbele yako kushuka chini, na hii ndo matumizi yake bora, unashuka shimo refu polepole unaona kila kitu na ukitaka unarudi juu. Bomu ukichuchumaa unaliweka chini taratibu, ukiwa umesimama unalirusha, na linachukua muda mfupi kulipuka kwa hiyo uwe ushajua utakimbilia wapi kabla hujalitoa. Mlipuko ukikupata ni kifo karibu kila mara, na vitu vinavyorushwa na mlipuko navyo vinaumiza.

Kanuni ninayoifuata ni hii: kabla ya kutumia kimoja jiulize kinaniletea nini. Kama kinaniepusha na kupoteza damu, tumia bila kufikiria mara mbili, maana mabomu na kamba vinapatikana tena humo njiani, mfuko wa mabomu unakupa 3, sanduku zima linakupa 12, furushi la kamba 3. Damu ndo ngumu kupata. Kama kinaniletea dhahabu tu kidogo ya pembeni, achana nayo.

HATUA YA 6: Duka, na mwenye duka

Huyu mzee ana bunduki ya risasi nyingi na ana hasira, na ndo muuaji mkubwa wa watu waliofika mbali. Ukiingia dukani na hela zako, okota kitu, bonyeza kununua, toka. Hamna shida kabisa. Shida ni pale ukitoka na kitu bila kulipa, ukimpiga mjeledi kwa bahati mbaya, ukivunja ukuta wa duka kwa bomu, au hata pale kitu ambacho siyo we kimemuumiza. Mshale wa mtego ukimpata anakulaumu we. Na akikasirika anaruka kama mwendawazimu huku anapiga risasi, na ukimtoroka ukashuka leveli inayofuata unamkuta mwenzake amesimama kwenye mlango wa kutokea anakusubiri.

Kwa hiyo ukiona duka, kabla ya kuingia tazama pembeni kama kuna mtego unaolielekea au adui anayeweza kuingia. Ua adui wa karibu kwanza. Weka mjeledi mbali. Kuna wachezaji wanaomuua kila roundi ili wapate bunduki yake na vitu vyote bure, na kweli inawezekana, ila kama bado unakufa kwa popo usianze huko.

Cha kununua? Mi naweka begi la kurukia angani juu ya vyote, ukilipata gemu nzima inakuwa nyingine kabisa. Joho nalo linakufanya udondoke taratibu. Viatu vya springi vinakuongezea kuruka, viatu vya misumari vinaongeza nguvu ya kukanyaga adui, dira inakuonyesha mlango uko upande gani. Sanduku la mabomu chukua bila maswali. Glavu za kupandia ukuta ni nzuri ila zinahitaji kuzoea maana unanata ukutani pale usipotaka. Kile kifaa cha kukuhamisha ghafla kutoka hapa mpaka pale acha kabisa mwanzoni, kikikupeleka ndani ya jiwe umekufa hapo hapo.

HATUA YA 7: Mateka, sanamu na mzimu

Kwenye leveli nyingi kuna mateka anapiga kelele za kuomba msaada, unaweza kuchagua kwenye mipangilio awe mwanamke, mwanaume au mbwa. Ukimbeba ukamfikisha mlangoni unapata damu 1. Ndo njia ya uhakika ya kurudisha damu kwenye gemu, kwa hiyo jifunze kumbeba vizuri: ukimbeba huwezi kutumia mjeledi, mikono imejaa, basi muweke chini kabla ya kupambana, ua adui, mbebe tena. Na usitegulie mtego kwa kumrusha yeye.

Kama kumfikia kunakula damu 2 ili upate 1 basi muache. Inauma kumsikia akilia ila ndo hesabu yenyewe.

Sanamu ya dhahabu migodini ukiiinua jiwe kubwa la mviringo linadondoka na kubiringika kuelekea upande uliopo, likipita linavunja kila kitu. Kabla hujaigusa tazama njia ya kutokea na uiandae, kamba iwe ishawekwa, adui wa njiani wawe wamekufa. Na kama kuna duka upande lile jiwe litakakoelekea, acha sanamu, maana jiwe likigonga duka mwenye duka anajua ni we.

Ukikaa leveli moja zaidi ya dakika mbili na nusu muziki unabadilika na mzimu anakuja. Anapita kwenye kuta, hauwawi, akikugusa umekufa. Siyo wa kumuogopa sana kwa sababu ni mpole wa mwendo, ila unatakiwa uwe ushajua mlango uko wapi kabla hajafika. Ndo maana nasema soma skrini lakini usilale. Muda huo unatosha kabisa kusafisha njia, kuchukua mateka na kupita dukani, hautoshi kuchukua kila punje ya dhahabu. Wachezaji wakubwa wanamsubiri makusudi kwa sababu akipita juu ya vito vinageuka almasi, we bado.

Kuna na madhabahu ya Kali, mungu wa kike, utayaona humo njiani ambapo watu wanatoa kafara. Mwanzoni yapite tu, na usiyapige bomu, ukiyavunja anakasirika.

HATUA YA 8: Msituni

Migodini ukipita na damu 3 kwenda juu uko vizuri. Msitu ndo unaoniuma kuliko yote kwa sababu unaua haraka na vitu vinavyoua havifanani na vile ulivyozoea.

Maua makubwa yanayokula watu yakikumeza umekufa hata kama una damu 10. Yanaonekana vizuri, ya rangi, yanasogea taratibu, yapige kwa mbali au yazunguke. Ile minara ya mbao yenye sura inatoa miiba kwa pembeni ukipita karibu, ukiiona ichokoze kwanza kwa kusogea na kurudi, ikishachomoa ikarudisha ndo upite. Chura wa kawaida siyo tatizo ila chura mwekundu analipuka, usimrukie, mrushie kitu. Kima wanakurukia na kukuibia, wanachukua hela au bomu na kukimbia, hawakuumizi wenyewe ila wanakuchanganya na kukuingiza kwenye mtego. Majini kuna samaki wenye meno, usiogelee kama hujalazimika.

Watu wa msituni wanarusha silaha inayorudi mkononi kwao. Hao mi nawapiga kwa juu tu, nikiwaona mstari mmoja na mimi nashuka au napanda kwanza.

Ushauri wangu wa msituni ni mmoja, punguza tamaa. Migodini ulikuwa unakusanya, huku unapita. Chukua kilicho njiani, mateka kama yuko karibu, shuka.

HATUA YA 9: Barafu

Hapa kunashangaza wengi kwa sababu kuna nafasi kubwa na adui wachache, lakini chini hamna sakafu. Ukidondoka sehemu ambayo haina kitu chini umekwenda. Barafu inateleza, kwa hiyo usikimbie kuelekea ukingoni, achia batani ya kukimbia mapema. Kule kutambaa na kuning'inia ulikojifunza hatua ya 2 ndo kunalipa hapa.

Visahani vinavyoruka vinapiga risasi kushuka chini na vikifa vinalipuka, viue ukiwa pembeni. Yeti anakubeba na kukurusha. Mamothi anakugandisha. Mabomu ya kutega ardhini yanang'aa kidogo, yarushie kitu kwa mbali. Kama una joho au begi la kuruka hili eneo linakuwa rahisi kuliko yote, kama huna basi kamba ndo rafiki yako na ndo wakati wa kuzitumia zote.

HATUA YA 10: Hekalu na Olmec

Hekaluni kuna mawe mazito yenye sura, ukisimama mstari mmoja nayo, wa kulala au wa wima, yanakuja kwa kasi kukuponda. Hayarudi yalipotoka, yanabaki yalipofika, kwa hiyo yachokoze ukiwa na pa kukimbilia. Lava inaua palepale. Wapo wanaotapika nzi, wapo mamba wanaotokea ghafla mbele yako, hao wote ni wa kuepuka kama unaweza. Leveli ya kwanza ya hekalu yupo Anubis, ana fimbo ya kichawi inayorusha mpira unaokufuata, ukimuona na huna silaha kaa mbali naye utafute mlango.

Hifadhi mabomu mawili matatu ya leveli ya mwisho.

Olmec ni kichwa kikubwa cha jiwe. Mjeledi haumfanyi kitu na bunduki haimfanyi kitu. Anaruka kuelekea ulipo, anafika juu yako, anajiangusha, na akijiangusha anavunja sakafu. Chini kabisa kuna lava. Umeshaelewa, unamfanya ajichimbie mwenyewe. Simama mahali, akiruka kuja unakimbia pembeni, akitua unarudi upande ule ule ili atue pale pale tena. Kosa la wengi ni kukimbia ukumbi mzima, anavunja kidogo huku kidogo kule, sakafu inaisha na we huna pa kusimama. Baki sehemu moja, mchimbishe shimo moja. Baada ya muda anaanza kutema mipira inayotoa maadui, hapo ndo mabomu yanasaidia, unalipua sakafu iliyobaki chini yake badala ya kumsubiri. Akizama lavani, mlango wa kutokea unafunguka.

Jinsi ya kufanya mazoezi bila kuchoka

Kila ukifa, kabla hujabonyeza kuanza tena, taja kilichokuua na kile ulichokuwa unakitazama wakati huo. Mara nyingi ulikuwa unatazama dhahabu. Fanya hivyo kila kifo, baada ya muda macho yenyewe yanaanza kuhama kutoka kwenye dhahabu kwenda kwenye kuta.

Ukimaliza eneo unakutana na jamaa anayechimba njia za mkato, anaomba vitu kwa awamu, mabomu, kamba, hela, na baadaye vitu vigumu zaidi, ukimpa vyote anakufungulia mlango wa kuanzia eneo linalofuata moja kwa moja. Mfungulie zote, ila usizitumie kutafutia ushindi. Ukianza hekaluni unaanza na mabomu 4 na kamba 4 bila kifaa chochote cha njiani, ni ngumu kuliko kutoka migodini. Zitumie kama chumba cha mazoezi: kama barafu inakuua kila mara, nenda barafu jioni nzima, jifunze adui wake, afu kesho anza migodini kama kawaida.

Na kwenye PC kuna changamoto ya kila siku, ramani moja kwa wachezaji wote na kila mtu anapewa nafasi moja tu. Icheze hata kama bado hujui. Ukijua hutarudia unacheza kwa utulivu tofauti kabisa, na utulivu huo ndo unaotakiwa kila roundi.

Ukishamshinda Olmec mara ya kwanza rudi migodini utafute ufunguo wa dhahabu na sanduku lake. Ndani yake kuna Jicho la Udjat, ambalo msituni linakuonyesha mlango wa soko la magendo, na sokoni wanauza Ankh kwa 50,000, ambayo inakufufua mara moja ukifa. Ukifa nayo kwenye ile leveli ya mapango ya barafu yenye jiwe kubwa lenye sura, unafufukia ndani ya jiwe hilo, unatoka na taji linaloitwa Hedjet. Taji hilo pamoja na fimbo ya Anubis ndo vinafungua mji wa dhahabu chini ya hekalu, huko kuna kitabu, na kitabu ndo kinakuonyesha mlango wa jehanamu kwenye ukumbi wa Olmec. Safari hii Olmec unamzamisha pale mlango ulipo, unapanda juu ya kichwa chake kabla hajamalizika kuzama, unaingia.